Korosho Bandia Yenye Kuhisi: Usanifu wa Vihisi Vidogo vya Mchapuko Vinavyostahimili Mishtuko Mikali

Msafiri atokaye mjini Mtwara kwa barabara iendayo Newala, akiisha kwenda yapata kilometa 10, hufika Naliendele. Hapo kipo kituo cha utafiti wa kilimo ambacho siku hizi ni sehemu ya Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Tanzania, nacho kimejipatia sifa kwa kazi zake juu ya mkorosho: mbegu bora, upandaji, na vita dhidi ya ugonjwa wa ubwiriunga. Wakati wa mavuno, mtu aketiye kivulini mwa mikorosho ya sehemu hizo husikia mabibo yakianguka mchangani moja baada ya jingine. Kila bibo hushuka pamoja na korosho yake, na korosho hiyo haipasuki. Lakini korosho hiyo hiyo ikifika kiwandani, pigo moja la mashine laweza kulivunja ganda, na pigo kali zaidi kidogo laweza kuivunja na punje iliyomo ndani.

Je, kuna tofauti gani kati ya pigo la mchanga na pigo la mashine? Na je, tofauti hiyo yaweza kupimwa kwa namba? Tukitaka jibu lililo sahihi, hatuna budi kuwa na chombo kinachosafiri pamoja na korosho, kikaonja mapigo yote inayoyapata, kisha kikatueleza. Chombo hicho chapasa kuwa kidogo kiasi cha kuingia ndani ya ganda la korosho, na imara kiasi cha kutovunjika pale korosho yenyewe inapovunjika. Makala hii haielezi chombo kilichokwisha kuundwa. Inamwalika msomaji ashiriki katika usanifu wake, kwa kutumia fizikia ile ile inayofundishwa katika shule zetu za sekondari.

Mlango mwembamba wa ubanguaji

Ganda la korosho ni gumu, na ndani yake mna mafuta makali yanayounguza ngozi. Ndiyo sababu kazi ya kubangua kwa mkono imekuwa siku zote kazi ya subira na maumivu. Katika miaka ya 1970, kwa mikopo ya Benki ya Dunia, Tanzania ilijenga viwanda vikubwa vya kubangulia korosho katika miji kama Mtwara, Newala, Masasi na Lindi. Mitambo ilitoka Japani na Italia, na baadhi yake ilikata ganda kwa visu. Mingine ilitumia pigo. Katika njia hii ya pili, korosho huchomwa kwanza katika mafuta ya moto ili ganda likauke na kuwa jepesi kuvunjika, kisha hutupwa kwa kasi na gurudumu lizungukalo hadi zigonge bamba la chuma.

Historia ya viwanda hivyo haikuwa nyepesi. Mavuno ya korosho, yaliyozidi tani 140,000 katika msimu wa 1973/74, yalishuka chini ya tani 20,000 katika msimu wa 1986/87, na viwanda vingi vilisimama. Mavuno yalikuja kupanda tena, na utafiti wa Naliendele ulikuwa na sehemu yake katika jambo hilo. Lakini sehemu kubwa ya zao imeendelea kuuzwa nje ikiwa ghafi, yaani pamoja na ganda lake.

Sababu za jambo hilo ni nyingi, na si zote za kifizikia. Lakini moja yazo ni hii: punje nzima huuzwa kwa bei kubwa kuliko vipande. Mashine ikizungushwa polepole, ganda halifunguki. Ikizungushwa kwa haraka mno, ganda na punje huvunjika pamoja. Kati ya mipaka hiyo miwili pana mlango mwembamba, nao hubadilika kwa ukubwa wa korosho, ukavu wake na namna ilivyochomwa. Fundi huutafuta mlango huo kwa kujaribu na kukosea, na kila kosa huhesabiwa kwa kilo za vipande.

Pigo hupimwaje?

Kitu kikianguka, kasi yake huongezeka kwa mchapuko wa graviti, ambao tutauandika g, yaani takriban mita 10 kwa sekunde kila sekunde. Kinapogonga chini, kasi yote hiyo yapasa kuondolewa katika umbali mfupi sana. Tukichukulia kwamba kinasimamishwa kwa mchapuko ulio sawasawa, hesabu hutupatia kanuni rahisi ambayo mwanafunzi aweza kuithibitisha mwenyewe: ukali wa pigo, ukihesabiwa kwa g, ni kimo cha anguko kikigawanywa kwa umbali wa kusimama.

Bibo lililoanguka kutoka kimo cha mita 4 na kuzama sentimeta 2 katika mchanga limepata pigo la g 200. Korosho iliyoanguka kutoka kimo hicho hicho juu ya sakafu ya saruji, ikasimama katika milimeta 1 tu, imepata pigo la g 4,000. Kimo ni kimoja na kasi ni moja. Kilichotofautiana ni umbali wa kusimama. Mchanga wa Naliendele ni godoro, saruji ni nyundo.

Sasa tuingie kiwandani. Tuseme korosho imetupwa kwa kasi ya mita 20 kwa sekunde, nayo ikasimama katika milimeta 1. Mchapuko ni mraba wa kasi ukigawanywa kwa mara mbili ya umbali: mita 200,000 kwa sekunde kila sekunde, yaani g 20,000. Muda wa pigo zima ni sehemu moja ya 10,000 ya sekunde. Chombo chetu chapasa kustahimili pigo hilo, na pia kulisoma kabla halijapita.

Punje ndani ya ganda

Kihisi cha mchapuko, kwa asili yake, ni kitu sahili. Ni tungamo dogo lililoshikwa kwa springi ndani ya fremu. Fremu inaposimamishwa ghafla, tungamo hutaka kuendelea na mwendo wake, kama abiria wa basi linalofunga breki. Springi hupindika, na kiasi cha kupindika hutuambia kiasi cha mchapuko. Msomaji ataona kwamba korosho kavu yenyewe inafanana na chombo hiki: ganda ni fremu, na punje ni tungamo. Tofauti ni kwamba punje haina springi njema ya kuishika, na kwa hiyo hugonga ukuta wa ganda lake na kuvunjika. Kazi ya msanifu ni kuunda punje isiyofikwa na msiba huo.

Vihisi vya kwanza vya umeme vya aina hii vilikuwa vikubwa. Mnamo mwaka 1923, Wamarekani McCollum na Peters waliunda kihisi chenye pete za kaboni zilizobanwa katika fremu, chenye uzito wa yapata nusu kilo. Mwaka 1979, Roylance na Angell wa Chuo Kikuu cha Stanford walieleza kihisi kilichochongwa katika silikoni, chenye urefu wa milimeta 3, upana wa milimeta 2 na uzito wa gramu 0.02. Kati ya hivyo viwili, uzito umepungua zaidi ya mara 20,000. Punguzo hilo si suala la kubana nafasi tu. Ndilo ufunguo wa ustahimilivu.

Kwa nini kidogo hustahimili

Tuchukue mchemraba wa silikoni wenye upande wa sentimeta 1, ulioshikwa na shingo yenye upana na unene wa milimeta 1. Tungamo lake ni gramu 2.33. Pigo la g 20,000 likiupata, kani inayoivuta shingo ni nyutoni 466, sawa na kuning'iniza juu yake gunia la kilo 46. Kila milimeta ya mraba ya shingo hubeba nyutoni 466, na mkazo wa namna hiyo waweza kuivunja silikoni yenye ufa mdogo tu juu ya uso wake.

Sasa tupunguze kila kipimo mara 100, pasipo kubadili umbo. Upande wa mchemraba ni milimeta 0.1, na upana wa shingo ni milimeta 0.01. Tungamo limepungua mara 1,000,000, kwa kuwa hufuata mjao. Eneo la shingo limepungua mara 10,000 tu. Kwa hiyo mkazo umepungua mara 100: nyutoni 4.66 kwa kila milimeta ya mraba. Pigo ni lile lile, kitu ni kile kile, lakini hatari imeondoka. Galileo alikwisha kuiona kanuni hii katika kitabu chake cha mwaka 1638, alipoeleza kwa nini mnyama mkubwa huvunjika mifupa kwa anguko ambalo mnyama mdogo halimdhuru. Sisimizi aangukaye kutoka kileleni mwa mnazi huendelea na safari yake.

Udogo huleta faida ya pili. Kila springi yenye tungamo hutetemeka kwa kasi yake ya asili, na ukipunguza vipimo vyote mara 100, idadi ya mitetemo kwa sekunde huongezeka mara 100. Tuseme kihisi kikubwa hutetemeka mara 1,000 kwa sekunde. Mtetemo wake mmoja huchukua muda mara kumi ya muda wa pigo letu. Fremu itakuwa imekwisha kusimama kabla tungamo halijapata habari. Tungamo litaendelea kwa ile kasi ya mita 20 kwa sekunde hadi springi ilizuie baada ya milimeta 3 hivi, na springi nyembamba haiwezi kupindika kiasi hicho bila kukatika. Hata kama isingekatika, tungekuwa tumepima kasi ya korosho wala si ukali wa pigo.

Kihisi kidogo, kitetemekacho mara 100,000 kwa sekunde, hulifuata pigo hatua kwa hatua. Hapo mwendo wa tungamo ni mchapuko ukigawanywa kwa mraba wa 2π mara idadi ya mitetemo kwa sekunde. Jibu ni takriban mikroni 0.5, ambapo mikroni moja ni sehemu ya elfu ya milimeta.

Bei ya ustahimilivu

Hapa ndipo penye kiini cha jambo lote. Kihisi kile kilichosogea nusu mikroni tu kwa pigo la g 20,000, kitasogea kiasi gani kwa g 1, yaani kikigeuzwa tu mkononi? Gawanya kwa 20,000: jibu ni dogo kuliko upana wa atomi moja. Kihisi hicho hakitambui kama kimelala au kimesimama. Ukakamavu unaokiokoa ndio unaokifanya kiziwi kwa mambo madogo.

Kwa sababu hiyo msanifu hutofautisha maneno mawili ambayo watu huyachanganya: kupima na kustahimili. Kihisi kilichomo ndani ya simu ya mkononi, kinachotambua kama simu imesimama au imelala, kwa kawaida hupima hadi g 16 au pungufu. Juu ya hapo kinanyamaza. Lakini vingi vya aina hiyo huthibitishwa na watengenezaji wake kustahimili g 10,000, ndiyo maana simu ikianguka sakafuni kihisi huendelea kufanya kazi hata kama kioo kimepasuka. Kwa upande mwingine, vipo vihisi vya silikoni vilivyokusudiwa kupima mapigo ya g 200,000, navyo hutetemeka zaidi ya mara 1,000,000 kwa sekunde. Hakuna chombo kimoja kinachoweza kuwa bora katika yote mawili. Msanifu huchagua kwanza swali analotaka kujibiwa, kisha huchagua ukakamavu.

Kwa korosho yetu uchaguzi ni dhahiri. Hatuhitaji kujua jinsi korosho inavyotikiswa katika gari kutoka Newala. Twahitaji kujua pigo la bamba la chuma. Basi na tuuze wepesi wa kuhisi, tununue ustahimilivu.

Kuisoma nusu ya mikroni

Mwendo mdogo namna hiyo husomwaje? Njia moja ilifunguliwa mwaka 1954, Charles Smith wa maabara za Bell nchini Marekani alipoonyesha kwamba ukinzani wa umeme wa silikoni hubadilika sana inapokazwa. Waya wa metali nao hubadilika ukivutwa, lakini silikoni hubadilika mara makumi zaidi. Msanifu huweka vikinza vinne juu ya shingo ya kihisi, viwili mahali panaponyoshwa na viwili mahali panapobanwa, akaviunganisha katika daraja la Wheatstone, lile lile ambalo wanafunzi hulijenga maabara kwa waya wa mita moja. Pigo linapokuja, daraja hupoteza ulinganifu na volti hutokea.

Njia ya pili ni kulifanya tungamo liwe bamba moja la kapasita, na ukuta ulio karibu nalo uwe bamba la pili. Nafasi ikipungua, uwezo wa kapasita huongezeka. Njia hii ndiyo iliyotumika katika vihisi vya mifuko ya hewa ya magari vilivyoenea katika miaka ya 1990.

Mambo manne ya kuangaliwa

La kwanza ni mlio wa ndani. Silikoni ikigongwa hulia kama kengele, na mlio huo hufunika habari ya pigo au hata kuivunja shingo. Dawa yake ni kulizungushia tungamo nafasi nyembamba sana yenye hewa. Tungamo likisogea hulazimika kuisukuma hewa itoke pembeni, na hewa hiyo humeza nishati ya mtetemo.

La pili ni pigo lizidilo kipimo. Msanifu huweka kuta za kuzuia, ili tungamo lisisogee kupita mahali pa usalama. Lakini kuugonga ukuta mgumu ni pigo jipya. Kwa hiyo watafiti, wakiwamo wa Chuo Kikuu cha Michigan, wamejaribu kuta zenye springi zake au zilizopakwa kitu laini, ili tungamo lipokewe badala ya kugongwa. Tumekwisha kuliona somo hilo mchangani: umbali wa kusimama ukiongezeka, ukali hupungua.

La tatu ni pembe kali. Silikoni haipindiki kama chuma cheupe. Huvunjika kama kioo. Ufa huanzia mahali penye pembe au mkwaruzo, kama mfuko wa plastiki unavyochanika kutoka pale palipokatwa kidogo. Pale shingo inapoungana na fremu pafaa kuviringishwa.

La nne, lenye kusahauliwa mara nyingi, ni kila kitu kingine. Kihisi hakiko peke yake. Kina nyaya, gundi, betri na saketi ya kuhifadhi namba, navyo vyote hupata pigo lile lile. Waya mrefu hupigapiga kama mjeledi. Betri iliyolegea hugonga ukuta. Dawa ni kuvifunga vyote katika utomvu mgumu hadi viwe kama jiwe moja, na kuzifanya nyaya kuwa fupi iwezekanavyo. Tarehe 3 Desemba 1999 vyombo viwili vidogo vya Marekani vilitarajiwa kuigonga sayari ya Mirihi bila parachuti na kuzama ardhini. Vilikuwa vimesanifiwa kustahimili makumi ya maelfu ya g. Havikusikika tena, na chanzo hakikupata kuthibitishwa. Mnyororo wenye pete nyingi hukatika penye pete moja, na mara nyingine haijulikani ni ipi.

Zaidi ya korosho

Wazo la tunda bandia lenye kuhisi si ndoto. Katika miaka ya 1980 watafiti wa Idara ya Kilimo ya Marekani pamoja na Chuo Kikuu cha Jimbo la Michigan waliunda tufe lenye vihisi vitatu vya mchapuko, wakalipitisha katika mashine za kuchambulia matufaha ili waone ni wapi matunda yanapochubuka. Korosho ni ndogo zaidi na pigo lake ni kali zaidi, lakini njia ni ile ile. Hata pwani ya Mtwara yenyewe ina mfano mwingine: huko Ghuba ya Mnazi, karibu na mdomo wa mto Ruvuma, gesi asilia iligunduliwa mwaka 1982. Katika uchimbaji wa visima vya gesi, vihisi vya mchapuko hushushwa pamoja na mabomba ili kupima mwinamo wa kisima, navyo hufanya kazi katikati ya mtikisiko wa mwamba unaosagwa.

Chombo kama hiki kikipatikana kwa korosho, fundi hatauliza tena, "Je, nizungushe kasi kidogo?" Ataweza kuandika katika daftari: ganda la ukubwa huu, lililochomwa kwa muda huu, hufunguka kwa g kadha wa kadha; punje huvunjika kwa g kadha wa kadha. Namba mbili hizo zingeupima ule mlango mwembamba, na mashine ndogo ya kijijini ingeweza kupangwa kwa kipimo badala ya hasara.

Jaribio la darasani

Vifaa: kipande kizito cha ubao chenye kimo cha sentimeta 15, chelewa tatu za ufagio zenye unene mmoja, udongo wa mfinyanzi, kadi iliyopakwa masizi ya kibatari, na sponji nene la godoro.

Toboa matundu matatu karibu na upande wa juu wa ubao, uzichomeke chelewa zitokeze kwa ulalo, urefu wa sentimeta 5, 10 na 20. Weka tonge moja dogo la udongo katika ncha ya kila chelewa. Matonge yawe sawa kwa uzito. Funga kadi wima kwenye ubao, ili ncha za chelewa ziiguse kidogo na kuchora juu ya masizi. Angusha ubao kutoka kimo cha sentimeta 10 juu ya sponji. Pima urefu wa michoro. Badili kadi, kisha urudie juu ya sakafu ya saruji.

Utaona kwamba chelewa ndefu huchora mstari mrefu mara zote mbili, wala haitofautishi vizuri kati ya sponji na saruji. Chelewa fupi huchora mstari mfupi, lakini ndiyo inayozitofautisha zaidi. Ndefu ni sikivu na dhaifu; fupi ni kakamavu na ya kweli mbele ya pigo la ghafla.

Maswali ya kujadili

1. Yai limeanguka kutoka kimo cha mita 1.5. Ni umbali gani wa kusimama unaohitajika ili pigo lisizidi g 50?

2. Kwa nini viwanda vinavyobangua kwa pigo huchekecha korosho kwanza ili kuzitenga kwa ukubwa? Tumia kanuni ya mjao na eneo.

3. Kihisi hutetemeka mara 50,000 kwa sekunde. Tungamo lake litasogea kiasi gani kwa pigo la g 20,000 lidumulo sehemu moja ya 10,000 ya sekunde? Je, kina uhakika wa kulifuata pigo hilo kama kile cha mitetemo 100,000? Toa sababu.